Kupangisha Tanga mjini: vyumba Ngamiani au nyumba nzima Raskazone?
Kwangu bora vyumba sita Ngamiani, mmoja akihama watano bado wanalipa. Ila jiandae na ugomvi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, mita moja watu sita, huyu ana friji yule ana pasi, yuniti zikiisha usiku simu inapigwa kwako mwenye nyumba, tena tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo basi wanakuja juu eti umeme unaibiwa. Nikafunga sabumita, yaani mita ndogo, kila chumba, kelele zikapungua, zamu za kuosha choo cha uani ndo bado vita. Raskazone unapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, unalala zako, lakini mpangaji akitoka nyumba inakaa tupu na chumvi ya bahari inakula grili za madirisha.