TAHADHARI: "Difu ya mbele imekufa, bosi"

Wenye pikapu za fowili (zinazovutwa na magurudumu yote manne) hapa Mombasa, hasa wa Likoni na Changamwe, hii inawahusu. Nimeliwa shilingi 65,000 na sioni haya kusema, maana yule bwana bado yuko kazini, na leo asubuhi nimeona Hilux nyengine imeinuliwa pale kwake. Jina silitaji. Mbinu yake nitaieleza kinaga ubaga. Difu ni lile kasha la gia katikati ya ekseli, linalogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia.

Gari yangu ni Hilux ya zamani, zile za habu za mbele (vitovu vya magurudumu) za kufunga kwa mkono: ukiweka LOCK gurudumu linaungana na difu ya mbele, ukiweka FREE linaachana nayo. Hupakia samaki Shimoni, na masika yote nimepita madimbwi yasiyojulikana kina. Ikaanza kuvuma mbele: ukifika kilomita 60 kwa saa inanguruma kama mashine ya posho na usukani unatetema. Nikivuta usukani kushoto kidogo mvumo unazidi, nikivuta kulia unapoa. Yote hayo nilimwambia, hakuyajali.

"Twende tukaijaribu, bosi." Kabla ya kupanda akainama kwenye gurudumu la kulia, akazunguka, akainama kwenye la kushoto. Nikadhani anapima joto. Kumbe azungusha habu, kutoka FREE kwenda LOCK! Tulipofika penye uwazi, lami kavu kabisa, akatia fowili akakata kona mpaka usukani ukafika mwisho. Gari ikagoma, ikarukaruka, tairi zikalia, chini pakagonga "kung!". Akanitazama kwa huruma. "Umesikia mwenyewe. Difu ya mbele imekufa, bosi. Siku ikikwama njiani, tutakuzika."

Sasa sikilizeni. Pikapu hizi hazina difu ya katikati. Ukitia fowili, propela (ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu) ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zizunguke sawa. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hivyo lazima tairi ziteleze ndipo ule mkazo utoke. Mchangani au matopeni zateleza wala hujui. Lami kavu haikubali, gari inagoma na kuruka. Hata iliyotoka dukani jana itafanya vivyo hivyo. Na ukiendelea kuilazimisha, hapo ndipo utaiua hiyo difu kweli.

Mimi sikuyajua hayo. Akaniambia kuna difu ya Japani kwa 78,000, tukavutana hadi 65,000. Nikatuma 40,000 ya kwanza kwa M-Pesa. Jina lililotokea si lake, akasema ni simu ya mkewe. Siku ya tatu gari iko tayari, difu yang'aa rangi ya fedha. Ile kuukuu je? "Nishawapa watu wa vyuma chakavu." Nikamalizia hela. Risiti sikuomba, nilikuwa na haraka ya samaki.

Njia ya Shimoni, kilomita 60, mvumo uleule. Nikampigia. Ati ijizoeze kwanza kilomita 500! Na mimi nikangoja.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa Mtongwe. Swali lake la kwanza: "Ukienda safari habu zimefungwa au umeziachia?" Nimeziachia, ami. "Basi mwanangu, difu ya mbele imelala, shafti zimelala, propela imelala. Kilicholala kitapigaje kelele?"

Akapiga jeki upande wa kulia, akashika gurudumu juu na chini akalitikisa. Likacheza. Akamwambia kijana wake akanyage breki, akatikisa tena: kimya. Ndipo akasema ni beringi ya gurudumu, kwani ingekuwa boljointi (kile kiungo kinachoshikilia gurudumu likigeuka na usukani) lingecheza hata breki ikiwa imekanyagwa. Kufungua habu, grisi imekuwa nyeupe kama uji kwa maji yaliyoingia, beringi ya ndani imeliwa. Beringi zote mbili, sili na ufundi: 7,300. Mvumo umekwisha.

Kisha akaingia chini, nikamsikia anacheka. "Difu yako mpya ina kovu?" Nikajitupa chini. Kovu nalijua, ni jiwe la njia ya Lunga Lunga, mwaka juzi. Limepakwa rangi ya fedha juu yake. Difu ni yangu ileile, haikufunguliwa hata boliti moja!

Nimeripoti kituoni, nina nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Yeyote aliyemtumia hela asifute ujumbe wa M-Pesa, anitafute inboksi twende pamoja. Na ukiacha gari kwa fundi usiyemjua, ikwaruze spea ya zamani kwa msumari mahali unapopajua wewe, na usilipe kabla haijawekwa nyuma ya pikapu yako uiangalie.

Mwenye ile Hilux nyeupe yenye kerea ya mbao, iliyo kwake tangu asubuhi: ingia chini uangalie. Kama difu bado ina rangi yake ya zamani, iondoe gari kabla ya magharibi.