Ofisi ya wakili iliyosimamia fidia yangu ya ajali ya matatu: nyota nne kati ya tano

Nashona nguo Mtwapa, madera na sare za shule, mwaka wa 13 sasa. Matatu niliyopanda kwenda Mombasa iligonga lori kwa nyuma, nikavunjika mtulinga na kifundo cha mkono wa kulia, mkono unaoshika mkasi. Naandika haya kwa sababu nilipokuwa wodini sikuwa na wa kumwuliza. Jina la ofisi naliacha, kwa kuwa lipo jambo moja tulilokosana na sitaki kumharibia mtu kazi.

Mtu wa kwanza kunijia hakuwa wakili. Alikuwa dalali wa ajali. Siku ya pili tu alisimama kando ya kitanda na fomu zake, jina langu akilijua kabla sijamwambia, akataka theluthi ya kitakachopatikana. Nilikataa. Baadaye nikaelezwa kwamba Sheria ya Mawakili ya Kenya haimruhusu hata wakili mwenyewe kupatana na mteja kwamba atalipwa akishinda tu, sembuse dalali.

Mpwa wangu ndiye aliyenipeleka ofisi hii. Karani wao, mama wa makamo, aliimwaga bahasha yangu juu ya meza akaanza kupanga: abstrakti ya polisi (karatasi yao ya kuthibitisha ajali), fomu ya P3 (ya polisi, daktari huijaza majeraha), karatasi za kutoka hospitali, risiti. Risiti nne za duka la dawa zilikuwa nyeupe pe. Ni zile karatasi nyororo za mashine, nami nilizikalisha kwenye pochi kwa miezi. Aliinua moja dirishani, akaigeuza huku na huku, kikaonekana kivuli cha tarakimu tu. “Mwanangu, hii mahakamani ni karatasi tupu,” akaniambia. “Rudi dukani wakupe nyingine yenye muhuri.” Mbili nilizipata, mbili zikapotea na pesa zake. Ukipata risiti kama hizo, zitoe kopi siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo nilipofahamu hesabu inavyokwenda. Kuna fidia mahususi: ulichotumia kwa hakika, na kila shilingi lazima idaiwe kwa kutajwa na ithibitishwe. Hata ile shilingi 550 ya kutafuta NTSA, mamlaka ya usafiri yenye rekodi za magari, gari ni la nani iliorodheshwa. Kisha kuna fidia ya jumla, ya maumivu na ulemavu, na hiyo haina risiti. Hakimu huangalia kesi za nyuma za watu walioumia kama wewe walipewa ngapi, halafu hutazama miaka iliyopita tangu hapo na shilingi ilivyoshuka. Wakili alinionyesha hukumu za mifupa kama yangu, akanisomea sentensi kwa sentensi. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota zote.

Wakati huo bima ya matatu ilikuwa imemtuma kijana nyumbani na 120,000 mkononi, malipo ya wiki ile ile. Nilikuwa na kodi ya miezi miwili, cherehani imefunikwa shuka. Nilikuwa karibu kutia sahihi. Nikampigia karani, akanisomesha karatasi kwenye simu: “malipo kamili na ya mwisho”. Ukishaandika jina hapo, mkono ukikataa kupinda mwakani ni shauri lako.

Walinisihi nisubiri mfupa utulie kabla ya kupimwa na daktari wa kuandika ripoti ya majeraha kwa ajili ya kesi, kwa kuwa sheria inatoa miaka 3 ya kufungua madai. Tulingoja miezi minane. Ilinichosha, lakini walikuwa sawa: mapema angeandika “anaendelea kupona”. Daktari wetu akaandika ulemavu wa kudumu asilimia 8. Wa bima, aliyenishika mkono dakika kumi, akaandika 3.

Kesi ilikwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi milioni 1, na ikaisha ndani ya zile siku 60 za kisheria. Wakili wa bima aling'ang'ania mkanda. Ni kweli sikufunga. Kifungio kilikuwa kimevunjika, na mpwa wangu alikuwa amekipiga picha, kipande kikining'inia kwa uzi. Walitaka nikatwe asilimia 20 ya fidia, kwa kosa langu mwenyewe. Nilikatwa 10, nami hadi leo naona hata hiyo 10 haikunistahili, kwani abiria hachagui kiti matatu ikiwa imejaa.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Fidia ya jumla 380,000. Hospitali, dawa, ripoti na NTSA 42,000. Kipato nilichopoteza 36,000, nusu tu ya nilichodai, kwa kuwa daftari langu la oda lilikuwa na majina bila bei na kilichoniokoa ni taarifa ya M-Pesa. Jumla 458,000, toa asilimia 10, ikabaki 412,200.

Sasa lile lalamiko. Bima ililipa kwenye akaunti ya ofisi, na pesa zikakaa huko wiki tano. Kila nikipiga simu naambiwa “kesho, mama”. Nilipoitwa hatimaye, nikakuta ada imekatwa bila ya mimi kuonyeshwa hesabu yake kabla. Huenda ada ilikuwa halali, sikatai. Lakini watu walionifundisha thamani ya karatasi yenye muhuri walinipa hesabu yao kwa mdomo. Nilipodai maandishi, yalitoka siku hiyo hiyo, yamepangwa vizuri, na shilingi 6,000 za “usafiri” zikafutwa. Zilikuwa za safari ambayo mimi ndiye niliyemlipia karani nauli.

Dada yangu nikimpeleka, nitampeleka kwao. Ila ada iandikwe siku ya kwanza, na siku ya kulipwa iandikwe pia.