Viatu vya soli ya mbao vya dansi ya Wales, fundi wa Kariokor: vinalia vizuri ila enda na subira

Kwa wale mnaocheza dansi ya miguu ya Wales ama mnataka kuanza, na mkiangalia bei ya kuagiza viatu kutoka Uingereza pamoja na ushuru mnafunga simu, kuna fundi pale soko la Kariokor, Nairobi, upande wa viatu vya ngozi, ametutengenezea kikundi chetu pea kadhaa na nimezicheza vya kutosha kuzisema vizuri na vibaya.

Hivi viatu ni ngoma. Kinubi ama fidla inabeba wimbo, mguu ndio unapiga mdundo, so soli ikiwa bubu hakuna dansi hapo. Kule Wales soli nyingi zinachongwa kwa sikamori. Huyu fundi anapatia mchongaji Mkamba kazi ya mbao, wanatumia jakaranda, ni nyepesi na inatoa sauti kali, unasikia kila pigo hata mkicheza watatu. Pea moja tulijaribu mvule, itadumu sana lakini ni nzito, ukifika kwa zile hatua za kuchuchumaa na kurusha miguu mbele, mapaja yanawaka moto.

Kilichonifurahisha kabisa ni ncha ya mbele. Mbao haikunjiki kama ngozi, kwa hivyo lazima soli iinuke kidogo mbele ndio mguu ubingirike. Fundi alichukua simu yangu, akasimamisha video pale mchezaji ameonekana kwa pembeni, akachora ule mwinuko kwa chaki juu ya meza, na viatu vilipokuja vilikuwa vile vile. Ngozi imegongelewa ukingoni na misumari midogo midogo, juu yake utepe wa ngozi kuzunguka, na hakuna msumari umelegea.

Kitu moja mwambie mapema: hakuna raba ya tairi chini! Wamezoea akala, watataka kubandika, na raba inaua sauti yote.

Nilivijaribu na rekodi za telyn deires, kile kinubi cha safu tatu za nyuzi, ambapo safu mbili za nje zimefungwa noti zile zile, mikono miwili inaweza kupiga noti moja ikifuatana haraka sana, na wimbo wa hornpipe (muziki wa kuchezea dansi ya miguu) ukishika kasi hapo kiatu kizembe kinajulikana. Hiki hakikubaki nyuma. Niliruka ufagio navyo, nikazima mshumaa kwa miguu kama wanavyofanya kule, kisigino kilitulia.

Naweka mkazo kwa sauti kwa sababu hii kitu ilikaribia kupotea. Wahubiri wa uamsho kuanzia karne ya 18 waliona fidla na dansi ni dhambi, watu wengi wakaacha, na familia za Waroma (wale huitwa majipsi) kama ukoo wa Abram Wood ni kati ya waliobaki wakicheza, hadi Howel Wood aliyeonekana kwa filamu mwaka wa 1949. Kinubi cha safu tatu nacho, mpigaji Nansi Richards alikishikilia mpaka alipofariki 1979. Mimi nikicheza Nairobi nataka ichezwe sawasawa.

Ubaya: tarehe ya kuchukua haikuheshimiwa, nilipiga simu nikachoka, kila siku ni "kesho mama". Na kiatu cha kushoto kililia nzito kuliko cha kulia, nikarudisha, wakakwangua kisigino bila kunilipisha, sasa vinaenda pamoja ingawa ukisikiliza kwa makini bado kuna tofauti kidogo.

Bei 4,500, unalipa nusu kwanza. Usikubali kuchukua kabla hujavaa vyote viwili na kugonga kwa mbao, simenti ya soko itakudanganya, mimi huomba wanilazie kipande cha mbao hapo chini na huwa hawakatai.