Flashi ya zilizopendwa na uchambuzi wa siasa: uzoefu wangu

Nimeulizwa na watu kadhaa kama hizi flashi za nyimbo za zamani zenye maneno ya siasa katikati zina maana yoyote. Jibu langu ni ndiyo, zinunueni, ila sikilizeni kwanza kabla ya kutoa pesa kwa sababu zinatofautiana sana. Yangu niliinunua hapa Nairobi kwa shilingi 500, kutoka kwa kijana mwenye kibanda karibu na stendi ya matatu. Ni ya GB 8 na inasoma vizuri kwenye redio ya gari na kwenye spika ya nyumbani. Wimbo unapigwa, kisha mchambuzi anaingia kwa Kiswahili na kuwazungumzia wanasiasa wetu wa leo akiuegemea wimbo huo.

Kilichonifanya niipende ni “Unbwogable” wa Gidi Gidi Maji Maji. Mkenya wa rika langu hahitaji kuelezwa: ndio wimbo uliotikisa mikutano ya NARC, muungano wa upinzani, mwaka 2002 hadi chama tawala cha KANU kikang’oka Desemba. Nilitarajia mchambuzi aishie kusifu enzi zile. Badala yake aliuacha wimbo uishe wote, kisha akaanza kuwapanga watu mmoja mmoja, nani alikuwa upande gani siku zile. William Ruto alikuwa KANU, akimpigia debe mgombea urais wake, Uhuru Kenyatta. Musalia Mudavadi alikuwa mgombea mwenza wa Uhuru. Rigathi Gachagua alikuwa msaidizi wa Uhuru. Raila Odinga ndiye aliyepaza sauti kwenye bustani ya Uhuru Park akisema “Kibaki tosha”, akimuunga mkono Mwai Kibaki awe mgombea wa NARC. Halafu anaruka hadi 2022: Ruto rais, Gachagua naibu wake, Mudavadi mkuu wa mawaziri, na Raila ameshindwa huku akiungwa mkono na Uhuru yule yule. Oktoba 2024 Seneti inamng’oa Gachagua. Mambo haya yote nilikuwa nayajua, lakini kuyasikia yakifuatana hivyo, wimbo ukiwa bado unavuma kichwani, kulinifanya nirudishe nyuma na kusikiliza tena nikiwa kwenye foleni ya Thika Road. Vijana wangu waliokuwa kiti cha nyuma hawakuwa wamezaliwa 2002, nao wakaanza kuniuliza maswali. Kwa hilo tu pesa yangu ilikuwa imerudi.

Sehemu ya Joseph Kamaru, mwimbaji wa Kikuyu, nayo imefanywa kwa heshima kubwa. Unapigwa wimbo wake wa kumlilia mbunge J.M. Kariuki, aliyeuawa Machi 1975. Mimi Kikuyu sikijui, na mchambuzi anamfikiria msikilizaji kama mimi: anaeleza JM alikuwa nani, anakumbusha yale maneno yake kuhusu nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi, kisha anaingia Juni 25, 2024, siku vijana walipopigwa risasi wakipinga Mswada wa Fedha, na kuwauliza viongozi wa leo watajibu nini. Hapigi kelele. Tena hamfanyi Kamaru malaika. Anasema wazi kwamba baadaye mwanamuziki huyo huyo alisafiri na Rais Moi hadi Japani na kuiimba safari hiyo. Uchambuzi wa namna hii ndio ninaoutaka.

Sasa yaliyoniudhi. “Nchi ya Kitu Kidogo” wa Eric Wainaina umekatwa ukiwa ndio kwanza unakolea, na badala yake tunapewa dakika nyingi za matusi kwa gavana mmoja: tumbo lake, mavazi yake, wake zake. Hakuna neno hata moja kuhusu pesa za kaunti. Wimbo wa 2001 unaoeleza rushwa vizuri kiasi kile umegeuzwa kisingizio cha kumtukana mtu. Kwenye nyimbo za kwaya za enzi ya Nyayo, yaani ya utawala wa Moi, pia amepoteza nafasi ya dhahabu. Angeweza kutufikisha YK’92, lile kundi la vijana wa kuipigia debe KANU mwaka 1992, ambako Ruto alianzia siasa, na kutuonyesha sifa za siku zile zilivyolelea viongozi wa sasa. Anacheka tu na kupita.

Sauti haijasawazishwa. Gitaa la benga linasikika kwa mbali, kisha mchambuzi anaingia kwa kishindo hadi unakimbilia kupunguza. Faili zina nambari tupu, bila jina la mwanamuziki wala mwaka wa wimbo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kama unamtumia mtu aliyethubutu kuimba wakati kuimba kulikuwa hatari, basi mtaje, na apate chake au familia yake ipate.

Nilipomrudia kijana na kumuuliza kama wanamuziki wanalipwa, alinijibu kwa adabu: “Mzee wangu, mimi huletewa tu zikiwa tayari.” Nimemwomba awafikishie wanaozitengeneza ujumbe: toleo lenye nyimbo nzima, majina na miaka, na mgao wa wenye nyimbo, nitalinunua hata kwa 1,000.