Kutafuta ukoo wako: uanze na wazee au na maandishi?

Kwa sisi wa Tanzania, naona bora kuanza na wazee, tena mapema, maana daftari la kanisa litakuwepo mwakani lakini bibi huenda asiwepo. Usimbane na mwaka wa kuzaliwa. Muulize babu yake alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa Vita vya Maji Maji (1905–1907), au nani alizaliwa kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa miaka ya 1970. Muulize pia nani karithi jina la nani. Koo nyingi humpa mjukuu jina la babu. Akikubali, mrekodi kwa simu.

Ila wazee huruka watu, hasa wanawake walioolewa mbali, na anayetajwa kama baba huenda ni baba mdogo.

Hapo ndipo maandishi yanasaidia. Daftari la ubatizo huonyesha tarehe, wazazi na msimamizi, lakini ni lazima ujue parokia na jina la ubatizo, na hayo anayo bibi. Kwa Waislamu wa Zanzibar, hati za mirathi na wakfu zipo Nyaraka za Taifa, Kilimani.