Programu ya vigawo na namba tasa: uzoefu wangu wa miezi mitano

Kwa miezi mitano nimeitumia programu hii ya simu kuwafundisha watoto wa kaka yangu, kila siku baada ya Alasiri, nyumbani kwetu Majengo. Niliilipia shilingi 250 kwa kuwa matangazo ya toleo la bure yalikuwa yakiwakatiza watoto katikati ya hesabu. Unaiandikia namba nzima, nayo inakuonyesha vigawo vyake (namba zinazoigawanya bila baki), vigawe vyake (majibu ya kuizidisha kwa 1, 2, 3 na kuendelea), na iwapo namba hiyo ni tasa, yaani ina vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Haihitaji bando. Maneno yake yote ni ya Kiingereza, ambayo ndiyo lugha ya hisabati darasani mwao. Istilahi za Kiswahili nimewapa mwenyewe.

Kilichonivutia kwanza ni namna inavyovipanga vigawo viwili viwili. Nilipoandika 48, ilitoa 1 na 48, 2 na 24, 3 na 16, 4 na 12, kisha 6 na 8, na watoto wakaelewa papo hapo, kwa sababu siku hiyo mama yao alikuwa amepika mahamri 48 nao ndio waliotakiwa kuyapanga kwenye sinia kwa safu zilizo sawa. Sehemu ya vigawe ni dhaifu: inaorodhesha vigawe 20 vya mwanzo vya namba moja na kuishia hapo, wala hairuhusu kuziweka orodha mbili pamoja, ilhali swali la matatu mbili, moja ikiondoka kila dakika 12 na nyingine kila dakika 18, linataka uone orodha zote mbili zikikutana kwenye 36. Hizo tuliziandika daftarini.

Uzito wa programu uko kwenye namba tasa, kwa kuwa haitoi jibu tupu bali inaonyesha hatua. Kwa 221, ambayo watoto wote wawili walishikilia kuwa ni tasa, iligawanya kwa 2, 3, 5, 7 na 11, kila mara kukawa na baki, mpaka ilipofika 13 ikapata 17 kamili. Kwa 223 ilijaribu namba zilezile hadi 13, ikasimama, ikatangaza kuwa ni tasa. Mkubwa wao akaniuliza, "Shangazi, mbona haikujaribu 17?" Swali hilo ndilo kiini cha somo zima, na programu haina maelezo yake popote. Nilimweleza kwamba 17 mara 17 ni 289, ambayo imeshaipita 223. Kwa hiyo, lau 17 au namba iliyo kubwa zaidi ingeigawanya 223 bila baki, mwenziwe katika jozi angekuwa mdogo kuliko 17, na dalili yake tungekuwa tumeshaiona njiani.

Lipo pia jedwali la namba 1 hadi 100, linalofuata njia ya Eratosthenes, msomi wa Kigiriki aliyefanya kazi Alexandria. Mtoto huzifuta namba zinazogawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 5 na kwa 7, akiziacha hizo nne zenyewe, na zinazosalia, ukiiondoa 1, ndizo tasa. Hakuna haja ya kupita 7, kwa maana 11 mara 11 ni 121. Yule mkubwa aliligundua hilo mwenyewe kabla sijasema neno, na furaha niliyoipata siku hiyo ilizidi thamani ya shilingi zangu.

Hata hivyo, jedwali hilohilo limeipaka 1 rangi ya namba tasa. Mdogo wao alihesabu tasa 26, kitabu chake kikasema 25, naye akarudia mara tatu akidhani kosa ni lake. Namba tasa ina vigawo viwili hasa, na 1 ina kimoja tu. Tena, kama 1 ingekuwa tasa, 12 isingekuwa na njia moja ya kuandikwa kwa vigawo tasa, yaani 2 × 2 × 3, kwani ungeweza kuongeza 1 nyingi upendavyo. Niliwaandikia waundaji, wakanijibu kwa adabu, lakini toleo nililopakua wiki iliyopita halijabadilika. Kwa sababu hiyo naipa nyota nne kati ya tano, na mzazi atakayeinunua namwomba akae na mwanawe siku watakapolifungua jedwali hilo kwa mara ya kwanza.