Soko la Jumamosi Masaki: vyakula nyota nne, mbwa wako mwache nyumbani

Nianze na soko lenyewe, habari ya mbwa inafuata. Ni lile soko la wazi la Jumamosi huku Masaki, jina siliandiki ila wanaoenda wanalijua, kiwanja cha majani, maturubai meupe, miarobaini michache ya kivuli, wauzaji wanaanza kupanga saa mbili asubuhi na ikifika saa nane mchana wengi washafunga. Kiingilio hamna. Vitu ni vizuri jamani sitasema uongo, asali ya Tabora ile nyeusi nzito, parachichi za Njombe, mikate iliyotoka kuokwa alfajiri, jibini, kahawa ya kusagiwa hapohapo, na achari za kila namna, za embe, za ndimu, za mbilimbi, yaani unaonjeshwa mpaka unasahau ulikuja kununua nini. Bei imechangamka, fungu la mchicha ambalo Mabibo unabeba kwa jero hapa ni buku mbili na hakuna anayeshtuka, ila mchicha umeoshwa, umefungwa vizuri, haya. Lipa namba kila meza inayo. Choo kisafi. Kwa hayo nawapa nyota nne na sina kinyongo.

Sasa kuna hili la mbwa. Getini wameweka bango kubwa, picha ya mbwa amefungwa kamba na maneno ya kumkaribisha, na kwa sababu wametangaza wenyewe nikaona poa, nikamchukua Bosi. Bosi mama yake koko, baba yake jaamani (German shepherd) wa jirani, kwa hiyo masikio ni ya kizungu na tabia ni ya uswahilini, mkubwa wa mwili ila mpole, anamwogopa hata jogoo. Chanjo zote anazo, kadi ninayo.

Kufika tu ni kazi. Daladala usijaribu, konda atakuangalia kama umebeba jeneza. Bajaji ya kwanza dereva kacheka tu akaondoka, wa pili akataka buku mbili zaidi ya kufuta siti na akatandika kiroba cha sembe nyuma, Bosi akakaa juu ya kiroba mpaka Masaki ametoa kichwa nje kama mbunge kwenye kampeni. Mwenye gari lake haimhusu hii, ila mwenye gari namwambia mapema asiwe na wazo la kumwacha mbwa kwenye gari na vioo vimefungwa eti anaingia mara moja. Gari likiwa juani joto la ndani linaweza kupanda nyuzi kumi ndani ya dakika kumi tu, na mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anategemea kuhema. Dar ya Januari hiyo ni kumuua. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, sijaona mtu akiitaja kwenye paking hata siku moja.

Getini walinzi wanafungua mikoba ya watu, wanapitisha ile fimbo ya kukagulia, wanauliza kama una chupa za vioo. Kuhusu mbwa hakuna aliyeuliza chochote, si kadi ya chanjo si urefu wa kamba. Nikaitoa kadi mwenyewe, jamaa akaiangalia akaniambia "pita tu boss." Nikapita. Nafika upande wa vyakula mlinzi mwingine ananifukuza, huku mbwa haruhusiwi, ruka kule kwenye nguo na mapambo. Namuuliza mbona bangoni hamjasema, ananijibu bango limewekwa na uongozi. Sasa uongozi nani na yeye nani? Na soko lenyewe lilivyokaa, kwenda kwenye nguo lazima upite kwenye vyakula, njia ni hiyo moja.

Ila ugomvi na mlinzi si kitu, ningeshausahau. Kilichonifanya niandike ni wauzaji, maana hawa hakuna anayewaza habari zao. Mteja akimwona mbwa na hampendi, anazunguka, anapita mstari wa pili, anarudi baadae. Muuzaji ataenda wapi? Meza yake iko pale, bidhaa ziko pale, hela iko kwenye kopo chini ya meza, na kapalipia hapo anaposimama. Mbwa akija anatakiwa atabasamu kwa sababu mwenye mbwa ndo mteja mwenye hela. Nilimwona kijana mmoja muuza juisi amepanda juu ya kreti la soda, kapanda kabisa miguu yote miwili, huku anamwambia mzungu mwenye mbwa wake mweupe "nice dog, nice dog," na jicho halimtoki yule mbwa. Mzungu wa watu kafurahi, kaona mbwa wake kapendwa, kamsogeza karibu zaidi.

Na huo woga wa kijana wengine wanauona ushamba, mi siuoni hivyo. Mbwa wa mjini kwetu wengi kazi yao ni moja, mchana wanafungiwa bandani, usiku wanafunguliwa wazunguke uwanjani, na getini kumeandikwa mbwa mkali. Mtoto wa Dar anakua akijua mbwa ni kitu cha kukufukuza ukichelewa kurudi toka dukani. Halafu ghafla unamkuta wa kilo thelathini anakunusa goti kwenye soko la achari na mwenyewe anakwambia "haumi huyo." Hiyo haumi huyo naomba tuiache kabisa, kila mbwa aliyewahi kuuma mtu mwenye naye alikuwa anaisema.

Halafu kuna huyu mama wa Tanga wa viungo na achari, meza ya kona, baibui jeusi na miwani ya kamba. Nilimfunga Bosi kamba fupi ila meza zimebanana, pua yake ikagusa ncha ya baibui. Mama hakupiga kelele. Kaangalia pale palipolowa, kaniangalia, kaniambia taratibu, "Mwanangu, simchukii mnyama wako, Mungu ndo kamuumba. Ila adhuhuri yangu naisalia hapa hapa nyuma ya turubai, na nguo niliyokuja nayo ni hii." Nimekulia mtaa wenye misikiti miwili sikuhitaji kufafanuliwa, ila kwa wasiojua, pwani yetu Waislamu wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mate na majimaji ya mbwa ni najisi nzito, panapoguswa panaoshwa mara saba na moja ya hizo iwe kwa udongo. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu hamna neno, shida ni ule ulowevu, na pua ya mbwa mzima muda wote imelowa. Si kwamba dini imemkataa mbwa, wa ulinzi na wa kuwinda wanaruhusiwa, ila huyo mama saa sita na nusu anataka kusali na bomba liko mwisho wa kiwanja, na njiani kuna mbwa wengine wanne. Nikasema samahani shikamoo kwa mkupuo, nikanunua achari ya mbilimbi pakti mbili, akanipunguzia bei mimi niliyemharibia asubuhi. Watu wa Tanga bwana.

Na hapohapo bombani ndo nikakuta wenye mbwa wanajaza mabakuli, mbwa wanakunywa, wanajikung'uta, tope limejaa, na mzee kapanga foleni na kopo lake anataka kutawadha. Yaani aliyepanga hili soko hajawahi kukaa pale nusu saa akaangalia.

Upande wa afya sitaki kutisha watu ila tusijifanye hatujui. Kichaa cha mbwa kwetu kipo, utafiti uliochapishwa 2002 ulikadiria watu kama 1,500 wanakufa kila mwaka Tanzania, na duniani Shirika la Afya linasema karibu kesi zote za binadamu, asilimia 99, zinatokana na mbwa, na kati ya wanaokufa asilimia kama 40 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu hapo hamna dawa, ila ukiwahi kabla unapona, unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 zote, sio kumwagia spiriti na kufunga kitambaa, afu moja kwa moja hospitali kuanza chanjo. Hao hao wataalamu wanasema mbwa asilimia 70 wa eneo wakichanjwa ugonjwa unakatika. Kwa hiyo soko linaloita mbwa waje halafu halina mtu wa kuangalia kadi mi silielewi. Kuangalia kadi ni sekunde kumi. Mbona chupa za vioo wanaziulizia?

Tuje kwa mbwa mwenyewe sasa, maana wengi wanasema anakuja kufurahi. Bosi hakufurahi. Mkia kaubana, anahema ulimi nje, kila harufu anataka aiendee na kila akiiendea navuta kamba. Chini kwenye majani kuna nini? Vijiti vya mishikaki. Kila mtu anakula mshikaki anaangusha kijiti, na kijiti kina harufu ya nyama na mafuta, mbwa hakitafuni kama mfupa, anakimeza kimevunjika nusu na ile ncha inaenda kutoboa utumbo. Nilimfungua Bosi mdomo nikakitoa kimoja kikiwa kimefika nyuma ya ulimi, vidole vyangu vyote vimejaa mate na wanaopita wananiangalia. Mifupa ya kuku wa kuchoma nayo hivyohivyo, ikiiva inapasuka vipande vyenye ncha. Meza ya zabibu za Dodoma pembeni, punje zimemwagika chini, watu hawajui zabibu zinaweza kuua figo za mbwa hata kidogo tu. Vitunguu pia sumu kwake. Na njia ya kokoto na zege kutoka paking, saa tano jua likikaa sawa, weka mgongo wa kiganja chako pale uhesabu mpaka saba, ukishindwa wewe na yeye anashindwa, ila yeye hasemi.

Najua kuna atakayeniambia mbona mnadani mbwa wapo. Kweli wapo na mi napenda kwenda. Nenda Msalato pale Dodoma Jumamosi ule nyama choma, mbwa wako chini ya benchi wanasubiri mfupa, wengine wamekuja na wafugaji wao toka asubuhi nyuma ya mbuzi na hakuna anayelalamika. Ila angalia tofauti. Uwanja mpana, wale mbwa wamekua na mifugo na watu tangu wadogo, hawajafungwa kamba inayopita katikati ya miguu ya watu, na ukimtupia jiwe anaelewa anasogea. Anayeuza pale kazoea, kamkuta mbwa pale tangu babu yake anauza. Kariakoo kwa upande mwingine hakuna mwenye akili atakayepeleka mbwa, mkokoteni unakuja, mpagazi anapiga kelele mzigo mzigo, utamwokoa nani kwanza wewe au mbwa. Soko la samaki la Feri vilevile, pale wenyewe ni paka na kunguru, mgeni hapati kitu. Hakuna bango sehemu zote hizo na kila mtu anajua. Hili la Masaki ndo limeazima utaratibu wa kwingine likasahau kuuliza wanaosimama nyuma ya meza wana maoni gani.

Uongozi kama mnasoma, simaanishi mfute kabisa. Kuna ile kona ya nyuma karibu na geti la pili, ina kivuli, haina meza hata moja. Fungeni fensi fupi, wekeni ndoo za maji huko huko mbali na bomba, mbwa wakae na mtu mmoja wa familia wakati wengine wananunua. Kadi ya chanjo iangaliwe getini, kamba iwe fupi isizidi mita moja na nusu, zile kamba za kujivuta zenyewe zinazofika mita tano pigeni marufuku, nimeona moja imezungushia meza ya asali na mitungi miwili ikaenda chini na aliyelipa nusu hasara ni muuzaji, eti aliipanga pembeni sana. Na waulizeni wauzaji, kwa siri, sio kwenye mkutano ambao mteja wao mkubwa kakaa mbele na mbwa wake.

Mbwa anayemwongoza asiyeona aingie popote, hilo halina mjadala.

Kwa hiyo ukienda na familia nenda, nakwambia nenda, wahi saa tatu kabla mikate haijaisha na jua halijawa kali. Paking iko finyu, bora bajaji. Chakula nyota nne, usafi nne, utaratibu wa mbwa nyota moja na hiyo moja nimeitoa kwa sababu yule mlinzi wa pili angalau alijaribu. Bosi sasa hivi Jumamosi anabaki nyumbani na anatembezwa ufukweni saa kumi na mbili asubuhi kabla watu hawajajaa. Achari ya mbilimbi ya yule mama iko meza ya kona kulia ukiingia, ile yenye pilipili mbuzi inaisha mapema, mwambie akuwekee.